Risasi mbili tulizoahidi Leparua: nyati, scope iliyohama na mdomo wa Sajenti Kendi

Wakuu, salaam aleikum kwa wa salaam, na wengine habari zenu.

Hii ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Nikiongeza chumvi hata punje moja, pick-up yangu isiwake kesho, na hiyo ndiyo inayonilisha.

Kiswahili changu ni cha Isiolo, mnivumilie. Wenzetu wa Tanga na Unguja najua mtaanza kusahihisha ngeli kabla hata ya kusoma. Someni kwanza, mtanichapa baadaye.

Mimi nasafirisha mbuzi. Naishi Wabera, hapa hapa Isiolo mjini. Baba ni Msomali wa zile familia za askari wa mkoloni, mama ni Mborana. Babu yangu yuko ukutani sebuleni, amesimama wima na bunduki yake, na kila mgeni lazima aambiwe habari zake kabla chai haijamiminwa.

Mimi mwenyewe sijawahi kumiliki hata manati. Ila video za wazungu wanaopiga kulungu kutoka mlima mmoja hadi mwingine, hizo nimezimaliza zote. Upepo, bullet drop yaani risasi inavyoshuka ikienda mbali, uzito wa risasi, ukinianza hapo hatulali.

Tatizo ni kwamba Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa. Huku kwetu mnyama anapigwa na serikali tu, na ni pale amekuwa hatari kwa watu. Ninyi wa Tanzania wenye vitalu vyenu vya kuwindia, mahali nitakapokosea mtanirekebisha.

Basi twende.

Ilikuwa kiangazi, kile cha kukausha hata mate. Alfajiri moja nikapigiwa simu na Abuya Guyo. Abuya kwa Kiborana ni mjomba, kaka wa mama. Huyu wangu yuko upande wa Leparua, na ndiye anayepanga zamu za kunywesha mifugo kwenye visima vya laga, vile vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Kazi hiyo inataka mtu mkali, na abuya alizaliwa mkali. Hata kwenye simu nilikuwa nimeweka sikio mbali.

"Mtoto ya dada yangu! Gari iko na mafuta? Enda ofisi ya wanyama pale town, chukua sajenti, leta hapa. Leo leo!"

Kisa ni nyati.

Dume kubwa lilikuwa limenaswa na kitanzi cha waya mguu wa mbele. Waya ulikatika lakini ukabaki umezama kwenye nyama, mguu ukaoza. Wenzake walihama, yeye akashindwa. Akajificha kwenye kichaka cha mswaki juu kidogo ya visima, akae karibu na maji.

Nyati mwenye maumivu hana rafiki. Alimuua punda aliyekuwa na madumu mgongoni. Kesho yake akamrusha mchungaji mmoja anayeitwa Halake, akamvunja mbavu. Halake alikuwa hospitali, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kushuka lagani.

Najua mtauliza, kwa nini asidungwe sindano ya usingizi atibiwe? Daktari wa wanyama alishatumiwa picha, akasema mguu umekwisha, mfupa uko nje. Kilichobaki ni kumpumzisha.

Shida kubwa haikuwa nyati peke yake. Ng'ombe walikuwa wamesimama juu ya mteremko wakinusa maji wasiyoweza kuyafikia. Kile kilio, wakuu, ukikisikia mara moja hutamani tena. Visima vingine viko ng'ambo ya kilima, na ni vya watu wengine. Amani yetu nao ilikuwa changa. Ukipeleka mifugo yenye kiu kwenye kisima cha mtu bila mapatano, umepeleka vita.

Kwa hiyo ama nyati afe siku ile, ama ng'ombe wafe, ama watu wafe. Mahesabu yalikuwa hayo.

Sajenti nilimkuta amekaa kwenye benchi anatafuna njugu. Mama wa Kimeru, umri wa mama yangu mdogo, ametulia kama mtu anayesubiri harusi. Nitamwita Sajenti Kendi. Mwenzake wa kawaida alikuwa na malaria, kwa hiyo alikuja peke yake na bunduki yake, .375 ya bolti, ile unayovuta kwa mkono kuingiza kila risasi, yenye scope, yaani darubini ya kulengea, imefungwa kwenye blanketi.

Nilitegemea askari mkimya. Wapi! Huyu mama anajisifu mpaka unacheka. Njia nzima ananiambia simba gani alipiga wapi, na nani alishindwa kabla yeye hajaitwa. Mimi nikajaza na elimu yangu ya mtandaoni, tukawa wawili. Ilikuwa safari tamu sana.

Mpaka tulipofika kwenye lile tuta la mawe. Gari liliruka, bunduki ikamponyoka mapajani, scope ikagonga mlango, kooh!

Akaniangalia. "Dereva, umegonga mtoto wangu."

Nikamwambia ni barabara, siyo mimi. Akaifunga upya na kuikumbatia.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yanapoanzia.

Tulipofika, alimwambia abuya kwamba scope ikigongwa lazima ipimwe kwa risasi ya kweli kabla ya kazi. Abuya akakunja uso. Huku mlio wa bunduki ni habari. Mtu akisikia risasi anajua mifugo inachukuliwa. Wachungaji wanakusanya ng'ombe mbio, na wanaume wenye bunduki wanakimbilia kule mlio ulikotoka. Hakuna anayeuliza kwanza.

Kwa hiyo desturi ni kutuma neno mapema. Na abuya alitaka neno lenye hesabu.

"Utapiga ngapi?"

"Mbili, mzee. Moja ya kupima bunduki, moja ya hiyo ng'ombe yenu ya porini."

"Una hakika? Mimi nikisema mbili, ni mbili."

"Mzee, mimi ndio Kendi. Ya tatu ni ya watu hawajui kazi."

Watu wakacheka, mimi nikapiga makofi. Nilishampenda yule mama.

Wenye mtandao walipigiwa simu. Kwa majirani wa ng'ambo ya kilima hakuna mtandao, akatumwa mtu na bodaboda. Njia ni mawe matupu, kwenda na kurudi kulikula asubuhi yote iliyobaki. Jibu alilorudi nalo lilikuwa fupi: "Tumesikia. Mbili, za serikali, za nyati. Ikizidi hapo tutajua ni mambo mengine."

Sawa.

Tukarudi nyuma mbali na laga, kwenye kichuguu kikubwa. Nikabandika kipande cha katoni na kuchora msalaba kwa mkaa. Sajenti akapima mita mia moja, akalala kifudifudi, bunduki juu ya magunia mawili ya mchanga tuliyoyabana kwa tairi langu la spea.

Akapiga.

Tulipokwenda kuangalia, tundu lilikuwa shubiri nzima kulia na chini ya msalaba. Scope ilikuwa imehama.

Wakuu, shubiri kwa mita mia siyo mchezo. Kosa linakua na umbali. Pale tulipotarajia apigie nyati, kwenye mwamba unaotazama kichaka, ni mita mia mbili na ushee, na hapo shubiri inakuwa mbili. Badala ya moyo unapiga goti, au unapiga hewa.

Na kwa wasiojua, ongezeni na hili. Risasi haiendi kama mwanga wa tochi. Inaenda kama maji ya mpira wa bustani ukiuelekeza mbele, yanapanda kidogo halafu yanainama. Ile .375 ni nzito, ukiiweka sawa kwa mita mia, kwa mita mia mbili imeshashuka karibu shubiri moja. Ukipiga kuelekea mteremkoni hesabu inabadilika tena. Hizi zote sajenti alikuwa nazo kichwani, lakini hesabu nzuri juu ya scope iliyopotoka haina maana.

Dawa yake kila mtu anaijua. Unarekebisha, unapiga tena kuhakikisha.

Lakini hiyo ya kupiga tena ndiyo ya pili. Ya nyati ingekuwa ya tatu.

Yule mama aliyejisifu tangu town alikaa chini na kutazama katoni. Abuya ndiye aliyelipuka.

"Nilikuuliza! Nilikuuliza una hakika!"

"Uliniuliza, mzee."

"Nitume boda tena? Arudi saa ngapi? Ng'ombe hiyo unaiona? Jioni huyo gafarsa anashuka kwa maji, giza ikiingia nani atampiga?"

Gafarsa ndiye nyati. Na alikuwa sahihi kabisa. Juu kule ng'ombe wawili walikuwa wameshalala chini na hawanyanyuki.

Mimi na elimu yangu nikatoa ushauri. Nikasema, si tunajua kosa liko wapi? Lenga kushoto na juu kwa kiasi hicho hicho, basi. Kwenye video wanafanya.

Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya kulungu na karatasi. Huyu nikimjeruhi, anaingia kwa hawa akina mama wanaongoja maji."

Halafu akainuka, akavuta pumzi, akaniita. "Dereva, kuja hapa. Wewe si unajua mambo ya scope? Leo utafanya."

Wakuu, alichofanya sikuwahi kukiona kwenye video yoyote.

Aliirudisha bunduki kwenye magunia vile vile ilivyokuwa, msalaba wa scope ukatua tena juu ya ule msalaba wangu wa mkaa. Akaibana kwa tairi, akaikumbatia kwa mikono yote miwili isitikisike hata kwa unywele. Jicho moja kwenye scope. Kazi yangu ikawa kuzungusha vile vifundo viwili vidogo, pole pole, yeye akisema kulia, simama, chini, simama, rudi moja.

Mnaelewa? Bunduki haisogei. Kinachosogea ni msalaba ndani ya scope, kutoka kwenye mkaa mpaka juu ya tundu la risasi. Ukifika pale, macho na mtutu vimepatana, kwa sababu tundu ndiyo shahidi wa mtutu ulikokuwa unaangalia.

Kifundo kinalia tik, tik, na mimi ninaogopa hata kumeza mate nisije nikaitikisa.

Alipomaliza akachomoa bolti, akachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma, akalinganisha na scope. Akarudia. Akarudia tena. Abuya alikuwa amesimama pembeni anachezesha fimbo.

"Imekubali," sajenti akasema. "Lakini siiamini bado. Bunduki unaiamini ikishapiga."

Nikamuuliza, sasa kwa mita mia mbili utalenga wapi? Nilikuwa na hamu, siwadanganyi. Maisha yangu yote nilitaka kuona shabaha ya mbali kwa macho yangu.

"Mita mia mbili ya nini? Mbali inazidisha makosa. Kama imebaki kosa ya kidole, nataka ikae kidole."

Akavua buti zake.

Kabla ya kushuka alituambia jambo moja, akiwa ananitazama mimi na abuya. "Akinijia, nitapiga ya tatu na ya nne, mimi niko na watoto. Lakini akikimbia, hata kama namwona, sitapiga."

Wenye uzoefu mnajua maana yake. Nyati huongezewa risasi. Hata ukiona umempiga vizuri, unamwongeza mpaka atulie. Yule mama alikuwa amejiondolea haki hiyo kwa hiari yake.

Mimi na abuya tukabaki juu ya mwamba na darubini. Yeye akashuka kwa soksi, upepo ukimpiga usoni, juu ya changarawe na miiba ya mgunga. Hatua, anasimama. Hatua, anasimama. Mara anatambaa kwa tumbo, bunduki juu ya viwiko. Nilikuwa nazihesabu hatua zake kuliko yeye mwenyewe, kila jiwe alilokanyaga nilikanyaga naye.

Nyati alikuwa amesimama kwenye kivuli ubavu wazi, ule mguu mbovu ameuning'iniza. Mkubwa, mweusi, mzuri. Nasema mzuri kwa sababu alikuwa mzuri, hata akiwa vile.

Sajenti akafika pungufu ya mita mia. Akaegemeza bunduki kwenye gogo.

Tukangoja. Nikaanza kufikiri amelala.

Risasi ikalia.

Nyati aliruka juu, akageuka, akakimbia. Kwa miguu mitatu, lakini alikimbia, na alikimbilia upande wa visima. Sajenti alishavuta bolti, mtutu unamfuata. Kwa muda mfupi tulimwona nyati wazi mgongo wote. Hata mimi ningempata.

Hakufyatua.

Nyati akazama kwenye mswaki wa mwisho, matawi yakatulia, basi. Hakuna sauti.

Abuya alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana mpaka nikapata alama. Alikuwa anasoma dua chini chini. Kisha akaninyooshea kidevu upande wa kilima.

Kule juu wanaume walikuwa wamesimama kwenye mstari, bunduki mikononi. Hawakusogea. Walikuwa wanasikiliza.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nyati mzima ndani ya kichaka, mama wa watu yuko chini peke yake na soksi, na bunduki zile kule juu zinangoja mlio mmoja tu. Nilitaka kupiga kelele, sikujua nimpigie nani.

Halafu kikatoka kile kilio. Kirefu, kizito, cha chini. Nyati analia hivyo mara moja tu maishani, anapokata roho. Machozi yakanitoka bila ruhusa.

Sajenti hakukimbilia. Alingoja mpaka nikakereka. Kisha akazunguka kutoka nyuma, akamgusa jicho kwa fimbo ndefu kuhakikisha amekufa, na akainua mkono mmoja juu.

Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya bega, pale pale. Haikukosea hata kwa kidole. Alichuchumaa akautoa ule waya kwenye mguu uliooza, akautupa mbali kwa hasira, na akamfunga nyati macho kwa kiganja.

Wale wa kilimani walishuka watatu, mbele yao mzee mmoja mwembamba. Bunduki zimening'inizwa, midomo chini. Wakasalimiana na abuya, nagaa, nagaa, yaani amani, kwa kirefu kama hakuna kitu kilichotokea.

Kisha yule mzee akasema, "Ya kwanza tulikaa. Ya pili tukasimama. Ya tatu ingetushusha, na hatungeshuka kusalimia."

Abuya alimshika yule mzee mkono, hakuuachia haraka.

Akapanda juu ya jiwe na kuanza kupanga zamu kwa makelele yake, na wa kwanza kushuka hawakuwa ng'ombe wake. Walikuwa wa Halake, yule aliye hospitali, ambaye hata zamu haikuwa yake. Hakuna aliyebisha. Wale wawili waliolala waliletewa maji kwa ndoo. Mmoja alinyanyuka, mwingine hapana.

Nikamtafuta sajenti. Nilimkuta kwenye jiwe anajitoa miiba miguuni, na mmoja umezama hata haushikiki. Nikamsaidia. Nikamuuliza kama nyati alimtisha pale alipokimbia.

"Nyati? Nyati naijua." Akacheka kidogo, lakini macho yalikuwa na maji. "Nilikuwa naogopa mdomo yangu. Mimi ndio nilisema mbili."

Wakuu, nimeona video za watu wanapiga kulungu mbali mpaka risasi inachukua muda kufika. Siwadharau, ni ufundi. Lakini shabaha niliyoiona Leparua ilikuwa ya mtu anayejua risasi inavyoruka kiasi cha kukataa umbali, akavua viatu, akaenda karibu, na akashikilia triga bila kuivuta wakati mwili wake wote unataka kuvuta. Mpaka leo namheshimu kuliko yule babu wa ukutani, na mama asione uzi huu.

Funzo langu ni dogo. Bunduki ikigongwa, ipime. Na kabla ya kuwatajia watu hesabu, jiachie nafasi ya kukosea, kwa sababu ukishasema watakaa kilimani wakihesabu.

Sasa nawaachia ninyi wawindaji wa vitalu, maaskari, na wataalamu wa kiti cha sofa kama mimi. Nyati anakimbilia visimani, mgongo wote uko wazi mbele yako, bolti umeshavuta. Wewe ungefyatua ya tatu? Semeni ukweli, hapa hakuna anayemjua mwenzake.